Ukurasa Ambao Hajasomewa

...na mkono ukishapanda mbele ya wazazi mia mbili haushuki hivihivi, labda ujifanye ulikuwa unarekebisha kilemba, na Fransiska kilemba chake amekifunga vizuri tangu nyumbani, kila mtu amekiona, kwa hiyo mkono utakaa hapohapo juu mpaka zamu yake ifike, na ameambiwa itafika, Mwenyekiti Qamara wa kamati ya shule amemtikisia kichwa akasema, Mama Evarist, utafuata baada ya Baba Vicent, na Baba Vicent ndiyo huyo, mpe nafasi ya swali moja aanzie enzi za babu yake, sasa yuko kwenye mbuzi, mbuzi wameingia bustani ya shule wamekula sukumawiki ya watoto, mbuzi wa nani, yeye hatamtaja mtu, yeye si mchonganishi, ila mbuzi mmoja ana sikio lililokatwa upande wa kushoto... watu wanacheka chinichini, maana mbuzi wa sikio hilo anajulikana kijiji kizima, ni wa Mwenyekiti mwenyewe, na Mwenyekiti anaangalia karatasi zake kama mtu anayetafuta ajenda iliyopotea, na Fransiska naye angecheka kwa raha zake kama si Basili, mume wake, aliyekaa benchi la nyuma, anayemvuta sweta kidogokidogo kama ndama, Shusha mkono, ananong'ona, Mama Evarist, shusha, utatuaibisha. Haushuki. Ulipanda wenyewe pale Mwalimu Mkuu Sulle aliposoma taarifa, darasa la tatu wastani themanini na moja, shule ya pili kikata, makofi, pigeni tena makofi, wazazi wakapiga, Basili akapiga mpaka benchi likatikisika, na yeye Fransiska akapiga mara mbili, ya tatu mkono ukaendelea kwenda juu, nao ndio huu, na sentensi yake ameishika tayari, ameifanyia mazoezi tangu juzi akikamua ng'ombe, Ndugu Mwenyekiti, baadhi ya watoto wetu wa darasa la tatu hawajui kusoma, baadhi, neno zuri sana hilo, pana kama blanketi, linafunika familia nzima na wageni wao, hakuna atakayeona miguu ya mtu imetokeza... isipokuwa Basili, Basili anajua ni miguu ya nani, ndiyo maana anavuta sweta, Basili ambaye mwaka mzima amekaa kilabuni akiwaambia watu kwamba binti yake Hilda anasoma kama padri, na watu wakaamini, kwa nini wasiamini, si walimsikia kwa masikio yao.

Kila Jumamosi walimsikia, jumuiya ya kanisa ikikutana, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo, somo anasoma Hilda, mtoto mdogo, kitabu kikubwa, sauti kama kengele, hakwami, hapepesi macho, na akina mama wanamtazama Fransiska kwa wivu ule mtamu ambao mtu hauombei toba, na Fransiska alikuwa anaangalia chini kwa unyenyekevu, unyenyekevu wa uongo mtupu, Mungu amsamehe, moyoni alikuwa anacheza ngoma... mpaka Evarist, kaka yake Hilda, alipoondoka kwenda sekondari ya bweni, na Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, nyumbani kwa katekista, Mzee Hermani, Hilda akasimama, akafungua kitabu, akasoma vizuri kuliko siku zote, Neno la Bwana, na watu wote kwa nguvu, Tumshukuru Mungu, kumbe ni somo la Jumamosi iliyopita, lote, mwanzo mpaka mwisho, halikupungua neno, na watu wakajibu tu, labda hawakugundua, labda waligundua wakaona si vibaya kumshukuru Mungu mara mbili, Mzee Hermani peke yake alikohoa, akamwangalia mtoto, akamwangalia mama yake, akaendelea na wimbo. Kesho yake, baada ya misa, Fransiska alimchukua Hilda hadi shambani kwenye vitunguu saumu, akampa pakiti ya dawa ya ukungu, akamwambia nisomee hapa nyuma, mwanangu, tuchanganye na maji kiasi gani, na Hilda akaishika pakiti kwa mikono miwili, akasimama wima kama siku ya kufunga shule, akasoma, Sikuzani ana kuku, kuku wa Sikuzani ametaga mayai manne, Sikuzani anafurahi, ukurasa wa kitabu cha shule neno kwa neno... Fransiska alicheka, kwanza alicheka, hata leo hii akikumbuka jinsi kuku yule alivyoingia kwenye dawa ya ukungu anabana mdomo, halafu kicheko kikamwishia akakaa kwenye tuta, akamuuliza, mwanangu, hizo herufi unazijua, na Hilda akasema, nazijua mama, moja moja nazijua zote, ila zikikaa pamoja sizijui tena, Ijumaa Evarist alikuwa ananisomea, mara moja tu, mimi nashika. Mara moja tu! Kichwa gani hicho, kichwa cha kushika somo zima kwa kusikia mara moja, na kichwa hichohicho darasa la tatu hakijui kusoma, na ripoti imeandika kusoma sabini na nane, ilipatikanaje hiyo, na Hilda akasema, mama, mtihani ni maswali yaleyale ya wiki iliyopita ubaoni, nilikumbuka majibu, A, C, C, B, nikaandika.

...sikio la kushoto, anasema Baba Vicent, nalirudia, la kushoto... rudia baba, rudia mpaka jioni, Fransiska hana haraka, au anayo, hajui, bega linaanza kuuma, anashika kiwiko kwa mkono wa pili, na kwenye meza ya walimu Mwalimu Raudha amemwona, wameangaliana, ndiye mwalimu wa darasa la tatu, binti wa wafanyabiashara wa Katesh, ameolewa juzijuzi, angeomba uhamisho kama wenzake angeshapata, yuko hapa mwaka wa tatu na sauti imemkauka kama ya mzee wa mnada, na Fransiska alikwenda kumwona darasani wiki ile ya kuku wa Sikuzani, alikwenda na hasira zake zimepangwa vizuri, akachungulia dirishani, watoto mia moja na kumi na nane, aliwahesabu mwenyewe mpaka akapotea akaanza upya, wanne kwenye dawati la wawili, na Mwalimu anasema mstari, na wote wanajibu mstari, paa linatikisika, raha kusikiliza, ungesema kwaya ya Pasaka, na nyumbani hawa wote wanaongea Kiiraqw, Kiswahili ni cha shuleni na cha kanisani, basi wanakibeba kama kilivyo, kizima, bila kukifungua, na katika kwaya ya watu mia moja na kumi na nane nani atajua aliyefumba mdomo na aliyefumbua, hasira zikamwishia palepale dirishani akabaki na huzuni, na kumsema Mwalimu huyu mbele ya watu hataki, wala kunyamaza hataki, maana mwakani ni darasa la nne, upimaji wa taifa, karatasi inatoka mbali, inafika imefungwa kwa lakiri, haimjui Sikuzani wala kuku wake, na hakuna Evarist wa kumsomea Ijumaa, siku ile ndiyo themanini na moja itajulikana ilikuwa ya nini, na watoto watarudishwa darasa, na wataambiwa hawana akili, Hilda ataambiwa hana akili, Hilda... hapana. Mficha uchi hazai. Mkono ukae.

Shusha, anasema Basili, nakuomba. Na hajui. Ndiyo tatizo la kuwahi mkutanoni ili upate benchi zuri, Basili aliondoka nyumbani mapema, hakuona kilichotokea njiani asubuhi hii hii, na Fransiska mwenyewe amekaa nacho kifuani saa tatu nzima akishika sentensi ya baadhi ya watoto, kama mtu aliyebeba maziwa akalia kiu, maana wiki hizi tatu alifanya nini, alikuwa anavunja vitunguu saumu vya mbegu, kazi ya msimu, unachukua kichwa, unakivunja, unapata punje, huwezi kupanda kichwa kizima kitaoza, kila punje na shimo lake na ncha juu, na Hilda amekaa naye wanavunja pamoja, na siku moja tu, hakuwa amepanga, akamwambia, neno nalo ni kichwa, ukilishika zima linakushinda, livunje, akachora chini kwa kijiti, ki, akaweka punje, tu, akaweka punje, ngu, punje, na Hilda akaangalia zile punje kwa muda, akasema taratibu, kitungu, bado moja, akaongeza yake mwenyewe mwishoni, u, akaipanga kwa kidole, na tangu hapo kila debe la mbegu lilikuwa na maneno ndani yake, wameiva vidole kwa saumu mpaka chai inanuka, mbuzi, dirisha, Hanang, katekista, hilo la katekista lilimaliza punje nne na hasira mbili, na siku nyingine hakuenda popote, mtoto alilia, Fransiska alifoka akaomba radhi, na hajui mwenyewe kama ilikuwa inaingia au inamwagika... mpaka leo asubuhi, wanapanda kilima na Hilda kuja shuleni, pikipiki ya Yoakimu wa bodaboda imesimama pembeni, Yoakimu anafunga kikapu cha jogoo, abiria wake wa pekee, na Hilda akasimama nyuma ya pikipiki, akainama kwenye madigadi, ile ya mpira yenye maandishi, imepakwa tope nusu, na midomo ikaanza. A. Cha. Acha. Ma-ne-no. Na hakuna aliyemsomea hiyo, dunia nzima hakuna, na Yoakimu akapiga kiki pikipiki ikanguruma, na Fransiska akasahau adabu zake zote, Zima! Zima pikipiki, Yoakimu, mtoto anasoma! Yoakimu akasema, Mama Evarist, shikamoo, lakini nimechelewa mnadani, Fransiska akasema, marahaba, zima, na Yoakimu akazima, wakasimama watu wazima wawili na jogoo wanamngoja mtoto wa miaka tisa, na lile neno la tatu lilikuwa gumu, njo, herufi tatu zimebanana kama watu kwenye mvua, alisema ni, akasema na, akarudi nyuma, akafuta tope kwa kiganja, akasema njo, njo-o, njoo, na la mwisho likaja lenyewe mbio, shamba! Acha maneno njoo shamba! Na akaruka, na Yoakimu akapiga honi, na jogoo akapiga kelele zake, na Fransiska alilia barabarani kama mwendawazimu, alilia na kucheka, hajawahi kusikia usomaji mbaya kama ule, wenye kukwama, wenye kurudi nyuma, na hajawahi kusikia mzuri kama ule, yale masomo yote ya Jumamosi yenye sauti ya kengele hayafikii nusu yake.

Anageuza shingo, mkono uko juu bado, anamwambia Basili kwa sauti ya chini, Hilda amesoma leo. Basili anasema, si huwa anasoma, kwa mdomo wa kununa. Amesoma madigadi ya Yoakimu, mwenyewe, hakuna aliyemsomea. Basili anauliza, Kwa kukwama? Kwa kukwama sana, njoo amerudia mara tatu. Na Fransiska anangoja sweta ivutwe na haivutwi, halafu anasikia nyuma yake pumzi ndefu, na kicheko kidogo kinachojificha, Njoo, anasema Basili, hata mimi ilinisumbua, mwalimu alinikimbiza nayo darasa zima, na kwa sauti nyingine kabisa, basi waambie, na uwaambie kwamba mimi nilikuwa nawaringia bure... na sweta imeachiwa, Mungu wangu, kumbe ilikuwa inambana hivyo, sasa bega haliumi, au linauma na yeye hana habari nalo, jua linaingia kupitia bati lililotoboka, na Baba Vicent anafika kwenye mbuzi wa pili, ambaye naye hatamtaja mwenyewe, na Mwenyekiti anafuta jasho, na Fransiska anacheka waziwazi, acheke nani kama si yeye, na sentensi ya kwenye blanketi anaitafuta haioni tena, imekwenda wapi, acha iende, alikuwa ameibeba kama msiba, kumbe ni habari njema, habari njema hainong'onwi, atasimama, atamsalimu Mwenyekiti na wazee, shikamooni, atamtazama Mwalimu Raudha usoni ili ajue hakuna jiwe linalorushwa, atasema watoto mia moja na kumi na nane ni wengi kwa sauti moja iliyokauka, wazazi tunaojua kusoma tupangiane zamu, watatu kila siku, kila mtoto asikilizwe peke yake, si kwenye kwaya, peke yake, ukurasa ambao hajasomewa na mtu, akwame, arudi, afute tope, tujue tulipo kabla karatasi ya taifa haijatuambia, ndivyo atakavyosema, na wakimuuliza ni watoto gani hao wenye wastani wa themanini na moja wasiojua kusoma, watamuuliza tu, Baba Vicent ndiye atakayeuliza, atajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje, wa kwanza ni wangu.