Mlinzi wa Mfenesi

"Wanadamu wote, mbuzi na majirani, sikieni. Kuanzia leo mimi, Mamudo wa Kwanza, nauweka mfenesi huu chini ya ulinzi wangu, kwa faida yake wenyewe."

Nilitamka hayo nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kanga mabegani, foronya ya bwenini ikipepea kwenye fimbo. Bibi Fátima alikuwa anakuna nazi.

"Mume wangu," alisema, maana mjukuu wa kiume kwetu ni mume wa bibi yake, "shuka kwenye kinu changu. Na hiyo kanga naivaa leo."

Nikashuka. Bendera ikabaki. Nilikuwa likizo, na mwalimu wa historia alikuwa ametufundisha jinsi Quionga yetu ilivyotwaliwa na Wajerumani, kisha Wareno, kila mmoja akidai anatulinda.

"Walitulinda na nani, bibi?"

"Wajerumani walitulinda na Wareno. Wareno wakaja kutulinda na Wajerumani. Mama alisema waliopungua ni kuku."

Mfenesi ulikuwa na fenesi moja tu lililoiva. Bibi alilitunza kwa ajili ya dada yake, Bibi Cadija, aliyehamishiwa kijiji kipya cha Quitunda ardhi yake ilipochukuliwa kwa ajili ya mradi wa gesi. Alipewa nyumba ya matofali, nzuri kabisa. Mifenesi yake ilibaki ndani ya uzio wa watu. Alasiri hiyo angekuja kula.

Mlinzi mwema hukagua. Nilikagua kwa pua, halafu kwa kisu. Nikaona fenesi limo katika hatari ya kuoza, nikalinusuru, upande ule wa nyuma usioonekana. Pengo nikalijaza makumbi ya nazi, nikanawa kwa sabuni, nikakaa kusubiri kicheko changu.

Bibi Cadija alifika, akaiona foronya.

"Fátima, hii serikali gani tena?"

"Mume wetu anaulinda mfenesi."

Alicheka mpaka akakaa mkekani. "Kwangu nako watu wa gesi walichomeka vibendera mpaka kwenye mihogo. Vijana wenye adabu, walinisalimia vizuri. Ila hakuna aliyeniuliza mfenesi upi mtamu." Akaninyooshea mkono. "Haya, senhor mlinzi, nikupongeze."

Nikampa mkono. Haukurudi. Akavuta yeye, nikavuta mimi, viganja vikang'ang'aniana. Utomvu wa fenesi hauijui sabuni.

Bibi Cadija aliitazama mikono yetu, akautazama mfenesi.

"Fátima," alisema taratibu, "lete mafuta ya kupikia. Serikali imenasa."

Wakaangua kicheko wote wawili, na mimi katikati, sina pa kukimbilia.

"Nimekula mimi," nikasema. "Upande wa nyuma wote. Humo ndani ni makumbi. Nilitaka kuwacheka mkikata. Sikufikiria kwamba Bibi Cadija hana fenesi lingine."

Bibi Fátima alitumiminia mafuta mikononi. "Kwa faida ya mfenesi, mume wangu?"

"Hapana, bibi. Kwa faida yangu."