Jicho la Shujaa wa Toryu

"Jicho hili si langu," alisema mzee Toryu, mchoraji, akiinamia ubao wa kuchapia picha.

Tatsugoro akaweka kisu chini. Siku kumi na moja alikuwa akichonga kichwa hicho kwenye ubao wa mcheri, kichwa cha yule shujaa wa hadithi aliyemkata zimwi mkono, ndevu moja moja, ili picha zichapwe ziwahi sikukuu ya wavulana. Leo mchoraji anakuja, hata salamu hana!

"Ni lako, mwalimu. Nimefuata wino wako."

"Wino gani? Nimechora simba, umenichongea mbuzi! Ihei, mnyang'anye kisu huyu, umpe mtu mwenye macho."

Na ushahidi uko wapi? Mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, kisu kikipita, karatasi inakwenda na vumbi la mti. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana kila mwaka alimwonea fundi mbele za watu. Ihei, mwenye duka la picha, akajikuna kidevu. Kuchonga vichwa ndiyo heshima yote aliyokuwa nayo Tatsugoro. Fundi akishushwa, huishia kuchonga mikunjo ya nguo pamoja na wanagenzi.

Tatsugoro akasukuma karatasi mbele ya mzee. "Basi chora tena! Hapa hapa, jicho tu, tulinganishe."

"Mimi nijaribiwe na seremala?"

"Chora, mwalimu," Ihei akasema taratibu.

Toryu akashika brashi. Ncha ikatetemeka, ikadondosha tone, na mstari ukaenda upogo. Akajaribu tena, ukawa mbaya zaidi. Kumbe! Mkono wa mzee ulikuwa umekwisha, naye alikuwa anatafuta wa kumtwika lawama.

Tatsugoro akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka yote ya kutukanwa ilimtoka kwa kicheko kile. "Haya, mbuzi ni nani sasa?"

"Mshenzi wewe," mzee akasema, machozi yakimlengalenga.

Ihei hakucheka. Aliwatazama wachapaji waliovutwa na kicheko hicho, wamejazana mlangoni. "Ningeweza kulificha hili. Sasa kabla ya jua kuchwa mji wote wa Edo utajua. Duka langu linauza mashujaa wa Toryu, basi. Watu huuliza jina lake, hakuna anayeuliza lako. Yeye hachori tena. Wewe, Tatsugoro, utachonga kichwa cha nani?"

Tatsugoro akageuka kumtazama Toryu, akamkuta mzee amekwisha kufuta machozi, anatabasamu kama mtu aliyepata mwenzake wa kuanguka naye.