Mlango Usiopitwa na Mtu Hai

Mtoto wa kaka yangu alinizika Jumamosi moja ya mavuno ya zabibu, saa nne asubuhi, mbele ya watalii arobaini. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, namsikia.

"Nyumba hii," Odoardo aliwaambia kule uchochoroni, kwa ile sauti yake ya kuuzia, "ina miaka mia saba. Ajuza wa mwisho aliyeishi humu alitolewa kwa mlango huu mnaouona. Tangu hapo haina mtu."

Ajuza wa mwisho! Alidhani nimeshuka sokoni bondeni, kama kila Jumamosi. Hakujua kwamba goti lilikuwa limenikatalia.

Hapa Roccaspina kila nyumba ya kale ina milango miwili. Mkubwa ni wa kuingiza punda, mapipa ya divai na wakwe. Ule mwembamba wa pembeni, ulioinuka mita moja kutoka barabarani, ni wa maiti. Hufunguliwa jeneza likitoka, kisha huzibwa kwa mawe. Mama yangu alipita hapo, akafuata baba, halafu kaka yangu, halafu mume wangu Settimio, ambaye alikuwa mnene na ilibidi jeneza lilazwe ubavu. Mtu hai hapiti. Na mlango huo ukiwa wazi, nyumba ina msiba: hakuna mzaliwa wa hapa atakayetia mkono kwenye karatasi ya kuiuza mpaka mwenye kuishi humo amkabidhi fundi jiwe la kwanza la kuuziba. Hata wakomunisti wetu, waliokuwa hawaogopi Mungu wala padri, waliifuata desturi hiyo.

Nusu ya nyumba ni yangu na nusu ni ya Odoardo, aliyoirithi kwa baba yake. Tangu majira ya kuchipua alikuwa akinibembeleza tuuze, igeuzwe hoteli kama nyumba nyingine zote za uchochoro huu. Nikamwambia nitatoka humu nikiwa nimelala. Basi akaamua kuuza nusu yake peke yake, akijua kwamba mnunuzi atakwenda mahakamani kudai mgawanyo, na kwa kuwa nyumba haikatwi kama jibini, mahakama itaiuza yote. Mnunuzi mwenyewe, bwana mmoja wa Milano, alikuwepo asubuhi ile katikati ya watalii, na viatu vyake vyeupe, na karatasi kwapani. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Odoardo tu.

Nilifungua dirisha la nyuma nikamwita Gualtiero, fundi mwashi, jirani yangu, ambaye ndiye aliyeuziba mlango baada ya Settimio.

"Gualtiero! Njoo na mtaimbo."

"Kafa nani?"

"Mimi."

"Lini tena?"

"Sasa hivi. Odoardo katangaza. Njoo unitoe."

Alikuja, lakini alipouona ule ukuta akasita. "Zelinda, huu mlango hauna utani. Anayeupita akiwa hai hamalizi mwaka."

"Nina miaka sabini na tisa. Hata nikikaa kitandani naweza nisiumalize."

"Mimi simo."

"Umo. Mkeo alipougua mwaka mzima, supu alikuwa anapelekewa na nani? Gonga!"

Akagonga. Mawe mawili yaliangukia ndani, la tatu likaangukia nje, na watalii wakapiga kelele. Vumbi lilipotulia niliziona nyuso zao, glasi za kuonjea divai zikining'inia shingoni, na mbele yao Odoardo, mweupe kama unga.

"Shangazi!"

"Marehemu shangazi," nikamsahihisha. "Sogea nipite."

"Usitoke huko! Shangazi, nakuomba kwa jina la Bikira, rudi ndani, pita mlango mkubwa, tutaongea!"

"Mkubwa ni wa walio hai. Wewe si umeshanizika?"

Nilikaa kizingitini nikatanguliza miguu, kama maiti wote wanavyotanguliza. Gualtiero alinishika makwapa kwa ndani, huku akisali. Kwa nje hakuna mtu wa kijijini aliyethubutu kunipokea. Nilipokelewa na Mjerumani mmoja mwenye kaptula, asiyejua anachokishika. Sitasema uongo: nyayo zilipogusa barabara niliogopa. Niliogopa hasa, meno yakagongana. Watalii wakapiga makofi. Walidhani mchezo huo umo kwenye tiketi.

Yule bwana wa Milano hakupiga makofi. Alitoa kalamu. "Haya, tumefurahi. Bwana Odoardo, tuweke sahihi, nina safari."

Odoardo alikuwa anatazama tundu.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Mlango uko wazi."

"Si uzibwe? Fundi huyo hapo."

Gualtiero akatoa kichwa tunduni. "Jiwe la kwanza linatolewa na yeye," akasema, akininyooshea kidole.

"Mawe nimeyachoka," nikasema. "Leo sina jiwe la kumpa mtu."

"Mwanaume mzima!" Bwana wa Milano alicheka. "Unaogopa shimo la ukutani?"

"Baba yangu alipita kwenye shimo hilo," Odoardo akamjibu, na sauti ya kuuzia ilikuwa imemtoka. "Nililishika jeneza mimi mwenyewe, upande wa kichwa. Chukua karatasi zako."

Nilimpenda kwa dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka ajuza wa mwisho, nikampita bila kumsalimu, nikaingia kwangu kwa mlango mkubwa kumalizia maharage.

Sasa ni Januari. Theluji inaingia hadi ukumbini, paka amehamia kwa Gualtiero, nami nalala na koti, soksi tatu na kofia ya Settimio. Nimekataa hata pazia. Kila Jumapili Odoardo anapanda na kuni mgongoni, anazipanga vizuri karibu na jiko, halafu anaanza.

"Shangazi, toa jiwe moja tu, mlango uzibwe. Utakufa kwa baridi humu."

"Nikifa nitakuwa nimewapunguzia kazi," namwambia. "Mlango uko wazi."