Nafasi Katika Tangi la Chini

Nasrin alikubali samaki kwa sharti moja tu: siku maji yakifika kwenye zulia la sebuleni, samaki wote wanapandishwa gari kwenda Iringa kwa Crispin, mwenye nyumba ya wageni, ambaye alikuwa ameshawaulizia. Nasrin hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, na Farhan, mumewe, muuza vipuri wa Mwanjelwa, alilijua hilo. Kwa hiyo akakaa chini kuchora, kwa uzito ambao hakuupeleka hata kwenye ujenzi wa nyumba yenyewe.

Juu lingekaa tangi la kutazamwa, lenye wale samaki wa buluu na manjano aliowatoa Matema, Ziwa Nyasa. Chini, ndani ya kabati, tangi la kusafishia maji, limegawanywa kwa vioo: chumba cha sponji la kunasa uchafu, chumba cha majani, na chumba cha pampu ya kurudisha maji juu. Hicho cha majani ndicho kilichomnyima raha. Wajuzi wa mtandaoni hukiita rifujiamu, yaani maficho. Majani hukua humo yakila uchafu, na vifaranga hujificha wasiliwe na wakubwa wao. Farhan alikitaka kiwe kikubwa. Lakini hapa ni Mbeya, umeme hukatika bila kupiga hodi, na pampu ikizima maji ya juu huendelea kushuka. Yasipopata nafasi chini yatakwenda kwenye zulia. Akafuta, akayapunguza maficho, akaamua maji ya tangi la chini yasipite nusu. Ilimuuma, lakini zulia ni zulia.

Alipokwisha kuliunga akazima umeme makusudi mbele ya mkewe. Maji yakashuka, yakapanda kwenye vioo vya chini, yakasimama kabla ya ukingo. Nasrin akasema, "Haya," akarudi jikoni. Farhan akatembea kifua mbele.

Kitu kimoja hakukipigia hesabu, nacho ni mama yake mzazi.

Bi Rukia alikuwa ametokea Iringa, kwa Ibrahimu, kaka mkubwa wa Farhan. Kule aliunguza sufuria ya mkwewe. Hakuna aliyemlaumu, lakini alfajiri akaonekana stendi na begi lake. Hataki kuwa mzigo, alisema, basi. Tangu aje Mbeya hajaweka nguo kabatini, na Farhan akipita mlangoni mwake huchungulia kama begi bado lipo.

Siku moja maji yakatoka bombani. Mgao ulikuwa umewakausha, na kila aliyekulia kwenye mgao anajua kinachofuata: hakibaki chombo. Bi Rukia alijaza ndoo, madumu, mabeseni, hata birika la chai. Kisha akaona mlango wa kabati uko wazi, na ndani tangi zuri la kioo, nusu tupu. Akamshangaa mwanawe, mtu mzima, anaachaje chombo nusu siku ya maji. Akalijaza pomoni, akatoka uani kufua.

Mchana umeme ukakatika.

Farhan aliporudi alikuta zulia limelowa hadi miguuni mwa makochi. Akaona ndoo zilizojaa zimepangwa ukumbini, akaona tangi la chini, akaelewa. Hasira zilimpanda, hasira za kweli. Alitaka kuita "Mama" kwa sauti ambayo hajawahi kumwitia. Uani mama yake alikuwa akisuuza nguo huku akijisemea kwa furaha, na Farhan akalikumbuka lile begi la stendi, asiite. Nasrin akaingia nyuma yake.

"Imekuwaje hii?"

"Nilikosea hesabu."

"Si ulizima mbele yangu, hayakumwagika?"

"Ilikuwa bahati tu."

Nasrin akatoa simu. "Basi namwambia Crispin aje awachukue."

"Mwambie," Farhan akasema, asiwatazame samaki.

Crispin alikuwa ameshapokea simu, Bi Rukia alipoingia na tambara mkononi. "Poleni jamani. Mwanangu, mitambo hii nilikwambia. Heri maji ya kuongezea yapo. Hata hilo tangi lako uliloliacha nusu nimekujazia mimi, mpaka juu."

Nasrin akamtazama mumewe. Farhan akatikisa kichwa kidogo sana, macho yakimwomba. Kwenye simu Crispin aliita haloo, haloo.

"Nilikuwa nakusalimia tu, shemeji," Nasrin akasema, akakata. "Ahsante, mama. Mimi ningesahau kabisa kujaza." Kisha kwa Farhan: "Baba Hanifa, chora upya. Majani upunguze, uongeze, shauri yako. Ila uchore ukijua mama yupo."

"Nipo wapi tena?" Bi Rukia akauliza.

"Hapa." Nasrin akainama, akashika ncha ya zulia. "Shika huko, mama, tulikamue. Sisi wawili bila wewe hatuliwezi."