Salamu za Pasaka

Tangu Machi, tunda la yago lilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Dorca, refu na zito kama mtoto mchanga. Kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, yago ndilo huzikwa mahali pake. Lakini Obiero, mdogo wa marehemu mumewe, alikataa katakata.

“Mama Griffin, ukimzikia mtu yago naye yuko hai, umemuua kwa mkono wako. Ngoja shahidi.”

Dorca akangoja. Mwanawe Griffin alikwenda ng'ambo kulinda maghala, akaishia kuvishwa magwanda na kupelekwa vitani kwenye theluji. Simu yake ilizimika Februari. Siku ya Pasaka Obiero alimletea salamu: “Amenipigia kwa simu ya rafiki. Anasema umwekee njugu za mavuno.”

Julai, Dorca alizichagua moja moja, kubwa kubwa, akajaza mkebe.

Agosti akasikia kuna kijana amerudi kutoka huko, anaishi mtaa wa Nyalenda. Akachukua ule mkebe, asiende mikono mitupu, akatoka kwake Dunga bila kumwambia mtu. Kwenye bomba la maji akamuuliza Jentrix, mwenye kuuza maji.

“Frankline? Jenerali wetu?” Jentrix akacheka. “Mlango wa bluu, Mama. Mwambie arudishe mitungi yangu, hata kama amepigana vita!”

Mkono mmoja wa shati la Frankline ulining'inia mtupu. Aliiangalia picha ya Griffin aliyonyooshewa na Dorca, hakuigusa.

“Mama, kwani mzee Obiero hakukuambia?”

“Kuniambia nini?”

Kijana akainamisha kichwa. “Nilimpigia mwenyewe nikiwa hospitalini, mwisho wa Februari. Griffin nilimfunika na koti langu, Mama. Alikuwa na kitambaa cha kijani kimeshonwa ndani ya mfuko. Alisema ni cha leso yako.”

Kitambaa hicho Dorca alikishona mwenyewe. Hakuna mwingine aliyejua.

“Obiero alisema nini?”

“Alisema, ‘Niachie mimi, nitamweleza mama yake polepole.’ Mimi nilijua matanga mlishamaliza.”

Dorca alisahau mkebe pale mezani. Au hakuusahau.

Nyumbani alimkuta Obiero ameketi kivulini, ananoa panga. Akapita ndani, akalivuta yago, akaliweka miguuni pa Obiero.

“Shahidi nimempata.”

Obiero aliangalia yago, akaangalia ziwa. “Ni mimi nilimpeleka kwa wakala, Mama Griffin. Ni mimi nilimwambia atie sahihi. Ningekutazama na macho gani?”

“Hilo labda ningekusamehe. Salamu za Pasaka ulizitoa wapi?”

Obiero akarudia kunoa panga.

“Nakuuliza, Obiero. Nimemwekea maiti njugu. Hizo salamu, ulizitoa wapi?”

Obiero akainuka, akashika jembe lililoegemea ukuta. Baba mdogo ndiye hufungua kaburi, kwa jembe la kwanza. Dorca akamnyang'anya.

“Wewe hapana.”

Kisha akatoka uani, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Ilikuwa ile nduru aliyonyimwa tangu Februari, nayo ilitoka ndefu mpaka ikamkausha koo. Majirani wakaja mbio, wengine na mikono yenye magamba ya samaki.

“Nani amekufa, Mama? Lini?”

Dorca akamnyooshea Obiero kidole.

“Mwulizeni huyu. Mimi nimejua leo.”