Ugoro wa Mume Wangu

Mume wangu anaitwa Mogesi. Ni bibi kizee mwenye meno machache na maneno mengi. Anayeshangaa ashangae haraka tuendelee. Kwetu Gorong'a, mwanamke asiyepata mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe, anaweza kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isikose watoto. Tunaita nyumba ntobhu. Mogesi alikuwa na ng'ombe, mimi nilikuwa na umri wa kuolewa, baba yangu alikuwa na tamaa. Mambo yakaisha. Mwanaume aliyenipa binti yangu Precious alitoka Kisaka, akarudi Kisaka, na akae huko huko salama.

Mogesi namwita Mama, kwa heshima, hata siku ninazotamani kumwita majina mengine. Kasoro yake kubwa ni dharau. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Ukimuuliza jambo akiwa amekupa mgongo hajibu, mpaka uzunguke usimame mbele yake kama mshtakiwa. Nilijiambia ndivyo waume walivyo, nikawa napaza sauti. Majirani wanajua siri zote za nyumba yetu kwa sababu ya mazungumzo yangu na mume wangu.

Precious naye hasikii kabisa. Akiwa mdogo aliugua homa kali. Homa ikaondoka, ikaondoka na masikio yake. Darasa la kwanza alikaa nyuma kabisa, akinakili kila kilichokuwa ubaoni, hata tarehe ya jana. Mwisho wa mwaka ripoti ikaja: hajui kusoma, hajui kuhesabu, nidhamu nzuri sana, hana kelele. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kwa mwalimu mkuu kumuuliza kama na mawe ya uwanjani anayapa alama za nidhamu.

Mwalimu mkuu alinivumilia. Akanieleza kwamba mjini kuna shule yenye kitengo cha watoto viziwi, yenye bweni na walimu wanaofundisha kwa lugha ya alama. Ila mtoto haendi kule kwa maneno ya mama yake. Lazima kwanza apimwe na mwalimu wa elimu maalumu kutoka wilayani, ambaye angepita shuleni kwetu kabla ya muhula kufunguliwa. Nafasi ni chache. Akikosa, anarudi nyuma ya darasa kunakili tarehe. Nilitoka pale nikitaka kitu kimoja tu duniani, Precious apate mtu wa kumfundisha kusoma.

Nikamweleza Mogesi, nikiwa nimesimama mbele yake na kupaza sauti vilevile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mtihani," akasema.

"Siyo mtihani, Mama. Ni kupimwa."

"Anayepimwa anaweza kufeli?"

"Anaweza, lakini..."

"Basi ni mtihani." Akaenda zake kukamua ng'ombe.

Siku ya kupimwa, mwalimu Vedasto alifika kwa pikipiki, sanduku amelifunga nyuma kwa mpira. Alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Mashine yake ya kupimia masikio ilikuwa imekufa betri, kwa hiyo akatoa ngoma ndogo, kengele, na kikombe cha bati na kijiko chake. Akatuketisha darasani.

"Wazazi wote wawili wapo?"

"Tupo," nikasema.

"Baba yuko wapi?"

Mogesi akasimama na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi. Naomba kumwona baba."

"Marahaba. Umeshamwona."

"Baba, bibi. Mwenye mtoto."

"Mwenye mtoto ni mwenye ng'ombe. Huyu mke nimemtolea ng'ombe wangu mwenyewe. Wewe mke wako umemtolea nini?"

Vedasto akainamia karatasi zake. Baadaye nilisikia alikuwa hajaoa, na mambo ya mahari yalikuwa yanamtesa kwelikweli.

Akamwonyesha Precious kwa vitendo: ukisikia sauti, inua mkono. Precious akaketi akitutazama sisi, Vedasto akasimama nyuma yake. Akapiga ngoma. Mkono juu. Akapiga kengele. Mkono juu. Akagonga kikombe kwa kijiko, taratibu kabisa, na mkono ukapanda tena.

Nilikuwa namtazama mwanangu usoni, sikuangalia kingine chochote. Nikasema Mungu leo kakumbuka hata Gorong'a. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta pumzi ya kupiga vigelegele.

"Mama, huyu anasikia kuliko mimi," alisema Vedasto. "Kitengo cha viziwi hakimhusu. Labda ni mzito tu wa kujifunza." Waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga makofi. Vedasto akafunga sanduku, akawasha pikipiki, akaenda.

Njiani kurudi nyumbani nilimwita Precious kutoka nyuma. Kimya. Nikapiga kofi. Kimya. Nikapiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba, na mtoto anaendelea kuruka vidimbwi. Mbele yake Mogesi alikuwa amegeuza kopo lake la ugoro juu chini, analigonga kwa kiganja. Kopo lile humtosha wiki nzima, na asubuhi lilikuwa limejaa.

Nikaelewa. Mogesi alikuwa ameketi anamwona Vedasto. Kila Vedasto alipopiga, yeye alibana ugoro akapeleka puani, na mtoto akainua mkono.

Nikakimbia nikamzibia njia. "Mama! Umemwibia mtoto mtihani!"

"Amefaulu," alisema. Macho yalikuwa mekundu na pua inachuruzika, lakini fahari ilikuwa imemjaa usoni. "Nyumba yangu haifeli."

"Huu mtihani ukifaulu umefeli!"

"Hayo ni maneno ya wazimu," akasema, akaenda kuchinja jogoo wa kumpongeza mtoto. Nilimla yule jogoo kwa hasira, na alikuwa mtamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Kesho yake Vedasto alikuwa anapima watoto wa kata jirani. Nikampakia Precious kwenye bodaboda tukamfuata. Tulipopanda kilima nikageuka, nikaona bodaboda nyingine nyuma yetu. Mogesi alikuwa amekaa upande, fimbo juu, anakuja kutetea ushindi wake.

Vedasto alinisikiliza huku akijifuta jasho. "Mama, mimi nimezoea wazazi wanaolia mtoto amefeli. Wewe unalia amefaulu."

"Mpime tena. Na mume wangu akae nje."

Mogesi akatolewa nje akinung'unika. Precious akaketishwa. Akatafuta uso wa bibi yake, hakuuona. Alichojua ni kwamba jana mkono ulipopanda watu walifurahi. Basi akauinua, akauacha hukohuko juu. Vedasto akipiga, mkono juu. Asipopiga, mkono juu. Ukaanza kutetemeka, akaushikilia kwa mkono wa pili, macho yakiniuliza kama inatosha. Hapo niliumia. Mama mzima, sikujua hata namna ya kumwambia mwanangu kwamba inatosha.

"Huyu ananichezea," alisema Vedasto. "Siwezi kuandika chochote kwa majibu haya."

Mlango ukafunguka. Mogesi aliingia bila hodi, akaushusha ule mkono, akausugua kama anavyosugua miguu ya ndama mchanga.

"Jana ni mimi," akasema. "Nilimwashiria kwa ugoro. Mtoto hasikii. Andika hivyo."

Vedasto alikuwa ameinama nyuma yake anapanga vitu vyake sandukuni. "Kwa nini ulifanya hivyo, bibi?"

Mogesi akanyamaza.

"Bibi, nakuuliza."

Kimya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza mwalimu kwamba hizo ndizo dharau za mume wangu, azizoee, nikaona Vedasto anainuka polepole. Akaichukua ngoma, akaipiga kwa nguvu zake zote. Mimi niliruka. Watoto uwanjani waligeuka, kuku wakatawanyika. Mume wangu na binti yangu walisimama palepale, wameshikana mikono, wanatazama dirishani.

"Mama," Vedasto aliniuliza taratibu, "hapa aliyeletwa kupimwa ni nani?"

Nikazunguka nikasimama mbele ya Mogesi. Mara hii sikupaza sauti. "Tangu lini?"

Aliniangalia midomo. "Muda."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe unanipigia kelele kama unafukuza nyani shambani. Huyu ndiye anayeongea na mimi." Akaubana mkono wa Precious. "Mkimpeleka huko, mimi nitaongea na nani?"

Miaka yote ile nilimchukia kwa dharau ambayo hakuwa nayo. Na kasoro alizokuwa nazo kweli sikuwa nimezimaliza kuzichukia. Vedasto akaandika habari za Precious kama zilivyo. Kwa bibi, alisema, hakuna kitengo.

Siku zilizobaki kabla ya muhula nilijiingiza kwa nguvu kati ya mikono yao. Precious alinifundisha alama za maji, chakula, mvua, na kila ng'ombe kwa jina lake. Mogesi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mikono yangu inakwenda kama ya mtu aliyeingiwa na siafu. Yeye jina lake lilikuwa kubana vidole puani. Langu lilikuwa mdomo wazi. Sikuuliza lilianza lini.

Muhula ulipofunguliwa tulimpeleka Precious mjini. Mogesi akaweka dole gumba kwenye fomu, nafasi ya baba, na safari hii hakuna aliyethubutu kuuliza. Uwanja mzima ulikuwa mikono inayopepea, watoto wanabishana, wanatukanana, wanachekana, bila sauti. Precious alisimama akiwatazama kidogo, kisha akaachia mkono wa bibi yake, akaingia katikati yao.

"Hata hajageuka," alisema Mogesi.

"Twende nyumbani, Mama," nilisema, kisha nikakumbuka nilikuwa nyuma yake. Nikazunguka mpaka mbele. Machozi yalikuwa yamemlowesha, na yangu pia yalikuwa njiani. Sikujua alama ya pole, Precious hakunifundisha hiyo. Nikabana vidole viwili, nikavipeleka puani.

Mogesi aliniangalia vidole. Halafu polepole, pale getini mbele ya watu wote, akainua mkono.