Krismasi Kwenye Kamba za Nguo

Mwaka huo Jacinta alikataa Mombasa. Tangu waoane, yeye na Mogire walikuwa wakila Disemba barabarani pamoja na kundi la marafiki: basi la usiku, mtoto akitapika kila kona, mchanga ndani ya viatu, kisha kurudi Kisii wamechoka kuliko walivyoondoka, na picha za kuonyesha watu ambao hawakuuliza.

"Krismasi hii tunakula nyumbani," alimwambia mumewe.

"Nyumbani wapi?"

"Hapa. Kwani hapa ni stendi?"

Hapa palikuwa vyumba viwili, gorofa ya tatu, juu kidogo ya soko la Daraja Mbili. Jioni hiyo hiyo Nyangate wa chini, muuza mitumba, alikuwa ameshapata habari, na Nyangate akipata habari hailali ndani. Ilipanda mlima yenyewe, maana siku chache baadaye simu ya Jacinta ililia kutoka Manga, kijijini kule juu. Alikuwa Tryphosa, mama yake Mogire.

"Nasikia mmeacha kuzurura."

"Tumeacha, mama."

"Basi tunakuja sisi. Mimi na mzee."

Jacinta aliosha vyombo akiimba. Miaka yote hiyo bibi na babu walikuwa wanapelekewa mkate wa Januari na salamu. Sasa Ruth wake mdogo angekula sahani moja na babu yake. Ni Mgusii huyu Jacinta, lakini alizaliwa na kukulia Nakuru, tena bila baba, na mambo mengi ya kwao aliyajua kwa kusikia tu. Mogire, aliyepaswa kuyajua, alisema "sawa" bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Siku ikafika. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha ukungu. Mzee Nyabuto alishuka kwenye teksi amevaa suti ya kahawia na kofia, mkungu wa ndizi begani. Dereva alitaka kumsaidia akakataa. Alifika chini ya ngazi, akautua mkungu, akaegemea ukuta.

"Hapa panatosha," akasema.

Tryphosa alipanda peke yake. Jacinta akamkumbatia, akachungulia nyuma yake. "Mama, baba hapandi? Ni miguu?"

Tryphosa alimgeukia mwanawe polepole. "Hukumwambia?"

Mogire akajikuna kisogo.

Ndipo Jacinta alipoelezwa, pale pale kwenye ngazi, majirani wakisikiliza. Kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya baina ya wakwe na baina ya mzazi na mtoto, na moja ya sheria zake ni hii: baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua ya mawe inyeshe. Kijijini halileti shida, mzee huketi uani na chakula humfuata. Sasa gorofa ina uani gani?

"Nilidhani nyumba ya kupanga haihesabiwi," Mogire akajitetea. "Si ni ya landilodi?"

"Landilodi ndiye anapika humo?" Nyangate alidakia, ameshafika katikati ya ngazi na mwiko mkononi. "Nyumba ni ya mwanamke mwenye sufuria. Hata kama ni turubai."

"Si akule kwa korido tu," akasema Fred, kijana wa gorofa ya pili.

"Kwa korido hula paka. Wewe unaoa lini, Fred, tukulishie baba yako hapo?"

Wakacheka, lakini Jacinta hakucheka. Sauti ya mzee ilipanda kutoka chini, ya upole: "Msigombane. Nitakunywa soda hapa, nirudi. Ng'ombe hawajui Krismasi."

Jacinta alijua kitakachosemwa Manga kabla jua halijazama: kwamba mke wa Mogire alimwita mkwewe mjini, akamnywesha soda chini ya ngazi kama mlinzi. Hilo angeweza kulivumilia. Lile ambalo hakuweza ni mzee kurudi na tumbo tupu, baada ya kubeba ndizi umbali huo.

Akainua macho. Ngazi ziliendelea juu.

"Kule kwenye matangi ya maji," akauliza, "kuna mtu anaishi?"

"Aishi vipi? Ni kamba za nguo tu," akasema Nyangate.

"Kuna mwanamke anapika kule?"

Nyangate akashusha mwiko. Tryphosa akalipima neno hilo. "Lakini atapita mlangoni pako," akasema.

"Tutafunga mlango. Na macho yake afunge mwenyewe."

Tryphosa alishuka. Zikasikika sauti mbili za Kigusii chini kule, moja ikisukuma, nyingine ikikaza. Kisha kikohozi, na viatu vikaanza kupanda.

Nyangate aliamuru milango yote ifungwe, kama vile rais anapita. Jacinta alisimama nyuma ya wake, Ruth mgongoni. Baadaye Fred, aliyechungulia, alisimulia kwamba mzee alipanda na kofia imefunika uso mzima, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mkewe akimshika koti. Jacinta alisikia viatu tu. Vilifika mlangoni pake vikasimama. Kitu kikagusa sakafu, kizito. Kisha vikaendelea juu.

Kule juu Nyangate alikuwa anavuna nguo za watu kwenye kamba bila kuuliza ni za nani. Mikeka ikatandikwa. Viti vilitoka kila mlango, na kwa kuwa viti vilitoka kila mlango, wenye viti nao wakavifuata, na wenye viti walikuwa na sufuria zao. Jacinta alikuwa amepikia watu watano. Sasa palikuwa na kuku wa nyumba hii, matoke ya nyumba ile, chapati za Nyangate nene kama kandambili, na mtu kaleta ugali wa wimbi ambao hakuna aliyekiri kuupika. Ruth alikwenda moja kwa moja kwa babu yake na kuanza kula kutoka kwenye sahani yake. Mzee akamsogezea kipande cha paja.

Ukungu ulikuwa ukuta mweupe pande zote. Kisha upepo ukaja, ukauvuta kama mtu anayefunua kitanda, na jua likatoka.

Mzee alisimama, kipande cha chapati mkononi. Kaskazini, juu ya mabati yote ya mji, jabali la Manga lilikuwa limejitokeza, jeusi kwa mvua, refu kuliko vile mtu yeyote pale alivyolikumbuka.

"Tryphosa," akasema. "Ni kwetu kule."

Akaelekeza chapati huko.

"Kila jioni huketi kule ukingoni," akaendelea, bila kumwambia mtu hasa. "Natazama mabati ya huku yaking'aa. Najiuliza, ya Mogire ni yapi? Sikuwahi kujua."

Akaomba apigiwe ndugu yake Machogu, aliyebaki na ng'ombe. Alimwambia maneno machache: chukua kioo cha kunyolea, nenda ukingoni, lishike jua.

"Mzee, umbali huu?" Fred akasema. "Hata netiweki inachoka."

"Kijana, sisi tulichunga ng'ombe kabla ya hiyo netiweki. Tuliitana kwa kipande cha kioo, bonde kwa bonde."

Wakangoja. Hakuna aliyetafuna. Jacinta alitazama jabali mpaka machozi yakamtoka, na hakuona ila mwamba na wingu.

Kisha pale juu, penye ukingo, nyota ikawaka mchana.

Ilizimika. Ikawaka tena, nyeupe, kali, ikawagusa wote machoni. Ruth akanyoosha mkono kuichukua. Nyangate, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliketi chini juu ya nguo alizovuna.

Jacinta alikuwa ameshakimbia. Alirudi na kioo cha kabati alichokibandua ukutani, akihema. Hakumpa mkwewe mkononi, haikufaa. Alikilaza mkekani, akarudi nyuma. Mzee akakiinua. Doa la mwanga likatambaa juu ya matangi, likapita kwenye nyuso zao moja moja, likaruka ukingo wa gorofa, likapotea.

Kwenye simu ya Mogire ilisikika pumzi ya Machogu, na ng'ombe akilia nyuma yake.

"Nawaona," Machogu akasema. "Mwambie mzee nawaona."

Mzee Nyabuto alishusha kioo. Alizungumza akimwelekea mkewe.

"Mwambie mama Ruth nyumba yake nimeiona."

"Anasema nyumba yako ameiona," Tryphosa akasema, "na chapati ziongezwe."

"La chapati sijasema."

"Ulikuwa njiani."

Jacinta alishuka kuzileta. Mlangoni akasimama. Mkungu wa ndizi ulikuwa umeegemezwa kwenye mwimo kwa nje, kwa uangalifu, bila jani moja kuvuka kizingiti. Aliuinua kwa mikono yote miwili, na kwa uzito wake akajua mzee amepanda na nini gorofa tatu, akiwa amefumba macho. Akaufungulia mlango kwa bega, akauingiza ndani.